Wauguzi wa wodi ya watoto wamepoa tangu korona: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto katika hospitali moja hapa Moshi. Wakati wa korona tulifanya kazi usiku na mchana na hakuna aliyekimbia. Ajabu ni kwamba watu wameanza kunishinda baada ya mambo kutulia. Nina muuguzi mmoja aliyekuwa kipenzi cha kina mama wodini. Siku hizi mtoto kwake ni "yule wa kitanda cha tatu", na mama akilia anampita kama hamwoni. Mwingine nimemkuta stoo akilia, si mara moja, na sasa ameomba ahamishwe. Uongozi umeandaa semina ya motisha Jumamosi. Mimi mwenyewe naamka saa tisa usiku nikiwaza kama mtungi wa oksijeni umebadilishwa. Je, huu ni ugonjwa? Huyo anayeomba kuhama nimkubalie? Na nitafanya nini wakati sina bajeti hata ya chai?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hilo la ugonjwa, maana jibu lake ndilo litakaloamua umwendee nani: daktari au anayepanga zamu.

Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha orodha yake mpya ya magonjwa Mei 2019, ile ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, uchovu huu wa kazi uliingizwa humo, lakini haukuwekwa kwenye fungu la magonjwa. Umeelezwa kuwa ni hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Mtu huishiwa nguvu. Huanza kuitazama kazi yake kwa mbali, kwa kejeli au kwa ubaridi. Na huona kwamba hana la maana analofanya, hata akifanya. Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, alichapisha dodoso la kupima mambo hayo pamoja na mwenzake mwaka 1981, na mpaka leo watafiti wanalitumia.

Kwa hiyo huyo wa "kitanda cha tatu" hana roho mbaya, na wala hajasahau uuguzi. Anakuonyesha dalili ya pili. Muuguzi ambaye tangu ameajiriwa ni mkavu hanitishi sana. Anayenitisha ni aliyekuwa kipenzi cha kina mama akapoa. Mtu huyo alikuwa akitoa sehemu ya nafsi yake kwa kila mtoto, na sasa amegundua, bila hata kukaa chini na kuamua, kwamba akiendelea kutoa hivyo hatabaki na kitu. Akiwaita kwa namba za vitanda, mtoto akifa amekufa wa kitanda cha tatu. Akijua jina lake, na kwamba anapenda kushika kola ya mama yake anapochomwa sindano, amefiwa.

Unashangaa kwa nini haya yanakuja baada ya korona kutulia. Mimi ningeshangaa kama yangekuja katikati. Wakati wa dharura mwili hukopesha. Watu wanakuombea, mnacheka pamoja hata kwa mambo yasiyochekesha, na kila mmoja anajiambia avumilie mpaka hili lipite. Likishapita, deni linadaiwa. Na hapa kwetu deni hilo lilikuwa na mambo yake.

Kumbuka lilikoanzia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, ameingia nchini kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Kabla Dar es Salaam haijajua itafanya nini, wahudumu wa Arusha na Moshi walikuwa tayari wanaulizana nani amempokea nani. Agizo la kufunga shule likatoka siku iliyofuata. Wageni wakakatika mlimani na mbugani. Hili la wageni watu hawaliunganishi na uuguzi, lakini wauguzi wangapi mjini Moshi na Arusha wana waume au kaka wanaoishi kwa kupandisha wageni Kilimanjaro, kuendesha magari ya safari, kupika hotelini? Ghafla mshahara wa sista ukawa ndio wa nyumba nzima, na wa nyumba ya kaka pia. Mtu wa namna hiyo haombi likizo. Haumwi. Anakuja na homa yake kazini, kwa sababu anaogopa akikaa nyumbani posho za zamu zitakatika.

Kisha takwimu za taifa zikaacha kutolewa baada ya tarehe 29 Aprili 2020. Nyumbani watu walijifukiza nyungu, na mwanzoni mwa 2021 tulizika wengi huku tukisema marehemu alipata changamoto ya upumuaji. Siingii kwenye siasa zake. Ninachokiona kwenye kiti changu ni kwamba wahudumu wengi waliona vitu ambavyo hawakuwa na pa kuvizungumzia, wala hawakuwa na hakika kama wanaruhusiwa. Chanjo zilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021 mazungumzo yalifunguka, lakini yalikuwa mazungumzo ya chanjo. Sijasikia wodi iliyokaa ikaulizana: wewe 2020 ilikupitiaje?

Nyinyi wa wodi ya watoto mlikuwa na mzigo wa ziada ambao hata madaktari wa wodi za watu wazima hawakuuelewa. Waliwaambia mna bahati, korona haiwashiki sana watoto. Ni kweli, watoto wachache sana waliugua vibaya ikilinganishwa na wazee. Lakini nimonia haikusimama kwa heshima ya korona. Malaria haikusimama, selimundu haikusimama, watoto wachanga waliozaliwa wakachelewa kulia hawakusimama. Kilichobadilika ni saa ya kufika. Kama ilivyotokea katika nchi nyingi, wazazi waliiogopa hospitali, wakakaa na mtoto nyumbani mpaka kifua kinabonyea. Mtoto wa miezi minane anayepumua mara 50 kwa dakika mnamhudumia vizuri. Huo ndio mpaka wa kupumua haraka kwa umri wake, kila nesi wa watoto anaujua. Akiletwa siku mbili baadaye, midomo ya bluu, amekwisha kuacha kunyonya, mnapambana na kitu kingine.

Na barakoa. Mtu mzima anaelewa kwa nini umejifunika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaona macho mawili yanamjia na sindano. Uso ndio kifaa cha kwanza cha muuguzi wa watoto, nao ukafungwa.

Kisha niruhusu nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu naamini ndilo linalowala wauguzi wako kuliko wingi wa saa. Tuseme ni saa tisa usiku. Kuna mashine moja ya oksijeni inayofanya kazi, na imegawanywa kwa watoto mpaka haigawiki tena. Analetwa mwingine kutoka Rombo, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma chini ya asilimia 90. Muuguzi yuko peke yake na watoto wote wodini. Anajua kabisa kitabu kinasema nini: huyu anahitaji oksijeni sasa. Anasimama katikati ya vitanda viwili, anaangalia kifua cha huyu na kifua cha yule, anasogeza mpira wa oksijeni. Asubuhi, kwenye ripoti, anaulizwa kwa nini chati ya kitanda cha saba haijajazwa.

Hali ya kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulifanya na mambo yaliyo nje ya uwezo wako, mwanafalsafa Andrew Jameton aliiandika mwaka 1984 akiwazungumzia wauguzi hasa, na hakuwa anazungumzia janga. Inachosha kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Mtu aliyefanya kazi nyingi analala, anaamka mzima. Mtu aliyesogeza mpira ule analala na kuamka nao. Tangu 2021 serikali imeweka fedha nyingi kwenye mitambo ya oksijeni na wodi za uangalizi maalumu, zikiwemo za ule mpango wa korona wa shilingi trilioni 1.3, na leo usiku kama huo umepungua. Lakini waliokuwepo bado wapo kazini. Naona nawe unaamka saa hiyo hiyo, kwa mtungi.

Ndiyo maana sina imani na semina ya Jumamosi. Mgomba wa mwisho shambani ukikauka hukai ukauhimiza, unapanda juu kuangalia mfereji umezibwa wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, wa Septemba 2022, unataja mafunzo ya mfanyakazi mmoja mmoja, lakini unataka pia kazi yenyewe irekebishwe na wasimamizi wafundishwe. Hapa kwetu tunachukua hilo la kwanza peke yake, kwa kuwa linafanyika ukumbini, lina picha na lina cheti. Kama huwezi kuizuia, omba tu isiwaite waliotoka zamu ya usiku.

Sasa bajeti. Ulicho nacho mkononi ni kikubwa kuliko chai: una ratiba ya zamu.

Chukua za miezi mitatu iliyopita, kaa nazo nyumbani na kalamu nyekundu. Tafuta kwanza waliotoka zamu ya jioni wakaingia ya asubuhi inayofuata. Mtu anamaliza kukabidhi saa tatu usiku, anasubiri boda, anafika Pasua au Kiboriloni saa nne, anaoga, anakula, anaweka sare. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, isipokuwa pale inaporuhusu yapunguzwe kwa makubaliano ya maandishi. Inaweka pia saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Utaambiwa hospitali ni dharura. Ni kweli sheria inaiachia nafasi dharura, ila dharura inayojirudia kila Jumanne si dharura tena, ni upungufu wa ikama, yaani watumishi hawatoshi, nao una njia yake ya kuandikiwa.

Kisha hesabu usiku mfululizo. Ukiweza usizidishe mitatu, na baada yake mpe mtu siku mbili kamili. Ile siku anayotoka asubuhi na kulala mpaka jioni usiihesabu kuwa mapumziko, hata kama wote tunaihesabu. Panga zamu ziende mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Mwili unazoea kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi.

Halafu angalia haki. Hapa sizungumzii saa. Maslach na mwenzake Michael Leiter waliorodhesha mambo yanayochosha watu kazini, na haki imo pamoja na wingi wa kazi. Unaijua Desemba ya Kilimanjaro kuliko mimi. Kila mtu anataka kuwa Marangu, Machame au Mkuu tarehe 24. Ni nani amelala wodini Krismasi mbili zilizopita? Nakuhakikishia jina hilo wodi nzima inalijua, na mara nyingi ni yule asiyelalamika au asiye na watoto. Tangaza zamu za sikukuu mapema, Oktoba, kwa kura iliyopigwa mbele ya wote, na aliyeshika mwaka jana asiingie kwenye kura. Haigharimu kitu. Nimeona kura ya namna hii ikipoza ugomvi ambao barua za onyo zilikuwa zimeuchochea.

Na likizo. Siku 28 kwa mwaka ni za kwao, na najua wapo wenye likizo za nyuma wanaozitunza kama akiba. Wape kwa awamu, lakini wape. Anayekataa kwenda likizo ndiye wa kumwangalia kwa karibu.

La vifo. Mtoto akifariki katika wodi yako kinachofuata ni nini? Najaribu kukisia: mwili unafunikwa, mama anasindikizwa nje, karatasi zinajazwa, kitanda kinafutwa kwa dawa, na pengine kabla hakijakauka kuna mwingine amelazwa. Anzisha dakika kumi. Siku hiyo hiyo au kesho yake, wote waliokuwepo, pamoja na mhudumu aliyefuta kitanda, wakae mahali pasipo na kina mama. Uliza tu: nini kilikwenda sawa, nini kilitukwamisha, nani hayuko sawa kwenda nyumbani peke yake. Usimlazimishe mtu kusimulia alivyojisikia. Tulikuwa tukidhani kumtoa mtu maneno mapema ndiyo dawa, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri tusifanye hivyo vikao vya kulazimisha simulizi mara tu baada ya tukio. Anayetaka kunyamaza anyamaze, ilmradi amekaa na wenzake na amekunywa maji. Na kitu kilichokwamisha kiandikwe kwenye daftari, tarehe na saa: mashine haikuwepo, damu ilichelewa, muuguzi alikuwa mmoja.

Daftari hilo ndilo barua yako kwa metroni na mganga mfawidhi. Ukiandika "wauguzi wamechoka" utajibiwa muombe Mungu, na kuomba si vibaya, mimi mwenyewe naomba. Ukiandika ni usiku mingapi mwezi uliopita muuguzi alikuwa peke yake, na watoto walikuwa wangapi, na ni mara ngapi kifaa fulani kilikosekana, umempa kitu cha kwenda nacho juu. Kama mna tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mwakilishi apate nakala. Usilifanye kwa siri wala kwa kelele.

Sasa huyo anayelia stoo, maana yeye anaweza kuwa na jambo tofauti. Uchovu wa kazi mara nyingi una mpaka: mtu akiwa kwao kijijini wiki mbili, akicheka na shangazi zake, unamwona anarudi. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, haina mpaka huo. Mwite faragha, si ofisini mlango ukiwa wazi, umuulize kama hata siku za mapumziko hafurahii chochote, kama usingizi na hamu ya kula vimevurugika kwa zaidi ya wiki mbili, kama anajilaumu kupita kiasi. Kisha muulize moja kwa moja kama amewahi kuona afadhali asingekuwepo, au kuwaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo aonwe na daktari. Angalia pia, kwa upole, kama kuna mtu anayejitibu kwa dawa za wodini ili alale. Sisi wa hospitali tuna funguo ambazo jirani zetu hawana.

Kinachowazuia wengi kutafuta msaada ni foleni. Nani atataka kukaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili katika hospitali anakofanya kazi, mbele ya mpokea wagonjwa anayemjua mpaka mama mkwe wake? Arusha iko kama kilomita 80. Aende huko, kama wa Arusha wanavyoweza kuja Moshi. Mpe siku hiyo kama ruhusa ya ugonjwa na usiandike popote sababu zaidi ya hapo.

Na wewe, dada. Umeniandikia aya nzima ya wengine na mstari mmoja wa kwako. Dalili za kwako ni zile zile za kwao. Usimamizi haukukingi, unakuongezea tu watu wa kuwawaza. Jambo la mtungi lina dawa nyepesi: ukaguzi wa oksijeni uwe kipengele kilichoandikwa kwenye makabidhiano ya jioni, watu wawili waweke sahihi, na wewe usiwe mmoja wao. Simu ya wodi usiku impigie kwanza msimamizi wa zamu. Ukiamka tena saa tisa wiki kadhaa baada ya hapo, basi si mtungi, na nakuomba uyajibu yale maswali niliyokupa ya kumuuliza mwenzako.

Kuhusu kuhama: daktari akishamwona na akaona anaweza kufanya kazi, mkubalie, lakini kwa muda. Miezi mitatu kliniki ya mama na mtoto, anakopima uzito na kuchanja watoto wazima wanaolia kwa nguvu na kwenda nyumbani. Tarehe ya kuzungumza tena iandikwe kwenye barua, ili asijione amefukuzwa na wenzake wasiseme ametoroka. Nafasi yake wodini usiijaze kwa kuwaongezea usiku waliobaki. Kama hakuna wa kumbadilisha, hiyo nayo ni ya kuandika kwenye daftari. Ikifika tarehe hiyo na hataki kurudi, mwache huko. Anajua watoto, na kliniki inamhitaji.